Trei ya figili haiozi kwa bahati mbaya

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya trei ya maikrogrini, ile miche michanga ya mboga ya kula, ikiwa imeoza. Mara ni miche ya alizeti iliyolala yote upande mmoja, mara ni figili yenye utando mweupe, mara ni bakuli la giligilani ambalo halikuota hata punje moja. Chini ya picha swali ni lilelile: "Dada, nimekosea wapi?"

Wengi wao wako hapahapa Dar, wachache Tanga na Mombasa, na karibu wote wamefuata video za kuotesha miche hii hatua kwa hatua bila kuruka kitu. Shida iko hapo. Nyingi ya video hizo zimerekodiwa Marekani na Ulaya, kwenye nyumba ambazo hewa ya ndani ni kavu na joto ni nyuzi 20 hivi. Dar mwezi wa Februari mchana tuna nyuzi 32 hivi, usiku hazishuki sana chini ya 25, na chumvi inalowa ndani ya kopo lenye mfuniko. Anayeishi Denver kule Marekani akimwagilia asubuhi na jioni, maji yake yanakauka. Yako hayaendi popote.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anasikia habari hizi: maikrogrini ni miche ya mboga inayokatwa ikiwa bado na yale majani mawili ya mwanzo, au jani la kweli likiwa ndiyo kwanza linachungulia. Aina nyingi zinakuwa tayari ndani ya siku 7 hadi 14. Bibi jirani yangu hapa Tabata alipoona trei ya mchicha mwekundu dirishani alisema, "Mwanangu, si ndiyo mchicha wa kupunguza huu?" Nikamwambia ndiyo, bibi, ni huohuo. Wenye bustani wamekula mchicha wa kupunguza kitaluni tangu zamani, na hiyo ndiyo sababu siwaonei huruma wanaosema haya ni mambo ya hotelini.

Naanza na mbegu, kwa sababu ukikosea maji utapoteza trei, lakini ukikosea mbegu unaweza kuumwa. Mbegu nyingi za kupanda shambani zimetiwa dawa ya kuzuia fangasi au wadudu, kisha zikapakwa rangi ya waridi, bluu au kijani ili mtu asizile kwa kutojua. Thiramu ni mojawapo ya dawa hizo. Anayepanda kabichi ataivuna baada ya miezi kadhaa. Wewe unakula mche wa siku 8 ambao ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kwenye jani. Dada mmoja tunayesali naye aliniletea pakiti ya figili kutoka duka la pembejeo, akaniomba nimwoneshe namna ya kuanza. Nilizimimina kwenye bakuli jeupe, nikaweka maji, na kabla sijakoroga maji yakawa ya waridi. Alitaka tuzisuuze mara kadhaa zitakate. Hapana, kuosha hakuiondoi dawa yote. Soma nyuma ya pakiti. Kama haisemi wazi kwamba mbegu haikutiwa dawa, muulize muuzaji, na akibabaika iache dukani.

Mimi mbegu zangu nyingi nanunua Kariakoo kwenye maduka ya viungo na nafaka: uwatu, haradali, choroko, giligilani. Hizo zinauzwa ziliwe. Kasoro yake ni kwamba hujui zimekaa ghalani muda gani, na ndani yake kuna vumbi, vijiti na punje zilizovunjika. Punje iliyovunjika haioti, inaoza, na ukungu unaanzia hapo hapo na kuwafikia majirani zake. Kwa hiyo zipepete kwenye ungo na uzichambue kama unavyochambua mchele wa wageni. Kisha chukua punje 20, zikunje ndani ya kitambaa kibichi, uziangalie baada ya siku 3. Zikiota chini ya 16, mbegu hiyo ipikie mchuzi. Giligilani haifai kipimo hicho kwa sababu ni mvivu, inaweza kuchukua wiki nzima kabla ya kuchungulia na karibu wiki 3 kufikia kukatwa. Tena ile punje ya duara unayoiona ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ipasue taratibu kwa kuisukumia chupa juu yake. Na kama ilishapashwa moto ili inukie, haitaota kamwe hata uiombee.

Kuna mbegu ambazo hazifai kabisa, na hili silioni likisemwa vya kutosha kwa Kiswahili. Usile miche ya maharage. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu inayovunjwa kwa kuchemshwa sawasawa, na ukiyala mabichi utatapika na kuharisha. Usile miche ya mtama: mtama mchanga hutoa sumu ya sayanaidi, na wafugaji wanajua kwa nini ng'ombe hawaachiwi kuingia kwenye mtama unaochipua. Nyanya, bilinganya na pilipili nazo majani yake si ya kula kwenye kachumbari. Nimeshaulizwa kuhusu hizi zote, na wanaouliza ni watu makini tu, wameona mche mzuri wa kijani wakafikiri mche ni mche.

Tena tusichanganye maikrogrini na choroko za kuchipuliwa kwenye mtungi. Chipukizi la mtungini linakua kwenye unyevu na joto bila hewa ya kutosha, halafu linaliwa zima, mzizi na ganda. Mazingira yale yale yanawafaa bakteria. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria wa *E. coli* ambao uchunguzi uliuunganisha na chipukizi za uwatu. Watu zaidi ya 3,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki. Maikrogrini inakatwa juu ya udongo na inakua kwenye mwanga na hewa, kwa hiyo hatari yake ni ndogo, lakini haijaisha. Ndiyo maana samadi haiingii kwenye trei zangu hata kidogo, wala udongo wa nyuma ya nyumba walipopita kuku. Mche wa siku 10 hauhitaji mbolea, chakula chake kiko ndani ya mbegu.

Cha kupandia ninachokipenda ni kokopiti, unga wa makumbi ya nazi. Hapa kuna jambo la pwani yetu ambalo video haitakwambia. Makumbi mengine yamepita kwenye maji ya bahari. Kule Unguja, pwani ya mashariki, kina mama huyafukia ufukweni miezi kadhaa yalainike, kisha huyaponda kupata usumba wa kusokotea kamba. Unga unaotoka kwenye makumbi ya namna hiyo umejaa chumvi, na mbegu ikilazwa humo inakunywa kwa shida au haioti. Loweka kokopiti yoyote usiyojua imetoka wapi, ikamue, mwaga maji, rudia mpaka maji ya kukamua yasiwe na ladha ya chumvi ukiyagusisha ulimini. Na maji ya kumwagilia yenyewe yaonje. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukiona ncha za majani zimeungua rangi ya kahawia wakati trei ina unyevu wa kutosha, anza kulishuku kisima.

Kiasi cha mbegu watu wanakikosea kwa nia njema, wanataka trei ijae. Kwa trei ya sentimita 25 kwa 50, figili gramu 30 zinatosha, haradali 10 hadi 15, alizeti 100 hadi 125. Mchicha punje zake ni vumbi tupu, gramu 6 mpaka 10. Kama huna mizani, kanuni ni kwamba punje zigusane kidogo lakini zisipandane. Alizeti iloweke saa 8 hadi 12 kabla ya kupanda. Figili, haradali na mchicha usiziloweke, na mrehani usiuguse na maji kabla haujafika kwenye trei kwa sababu unatoa ute na kugandana.

Sasa maji, ambayo ndiyo yanaua trei nyingi kuliko kitu kingine. Kwa mbegu zilizoota, acha kumwagilia kutoka juu. Chukua vyombo viwili vinavyoingiana, kimoja kitoboe chini kwa msumari uliopashwa moto, kingine kibaki kizima. Panda kwenye kile chenye matundu. Ukitaka kumwagilia, weka maji kimo cha sentimita moja kwenye kile cha chini, kalishe cha juu ndani yake kwa dakika 15 hivi, kisha maji yaliyobaki YAMWAGE. Hapo ndipo watu wanapolegea, wanayaacha "yatanywewa baadaye". Mizizi iliyokaa majini usiku kucha kwenye joto la nyuzi 27 inakosa hewa. Kesho yake ukiinusa trei utasikia harufu ya bwawa. Kujua wakati wa kumwagilia, inyanyue. Mkono unazoea haraka uzito wa trei yenye maji na wa trei kavu. Masika, Machi hadi Mei, trei hiyo hiyo inaweza kukaa siku mbili bila kudai kitu.

Kufunika nako kupunguze. Maelekezo mengi yanasema ukishapanda ufunike trei na kuigandamiza kwa uzito siku 4 au 5 ili shina lirefuke. Kwa joto letu figili haihitaji zaidi ya siku 2. Alizeti iache mpaka ianze kuinua ule uzito yenyewe, kwa sababu kugandamizwa ndiko kunakoisaidia kuvua maganda. Ikishafunuliwa, ipate upepo mchana na usiku, feni ndogo ikipita pembeni kwa kasi ya chini. Umeme ukikatika, ihamishie kwenye mlango unaopitisha hewa.

Halafu kuna ule utando mweupe. Nimeona watu wakitupa trei nzima nzuri kwa kuogopa, na wengine wakila iliyooza kwa kuambiwa "hiyo ni mizizi tu". Vyote vipo, na kuvitofautisha ni rahisi ukisogeza macho. Siku ya pili au ya tatu, ng'oa mche mmoja wa figili uushike kwenye mwanga. Kuzunguka mzizi utaona manyoya mafupi meupe, yote ya urefu mmoja, yamesimama wima, na yanaishia pale shina linapoanza. Hivyo ni vinyweleo vya mizizi, ndivyo vinavyonyonya maji, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili huwa nawaletea darasani maana ni vizuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni. Vinyunyizie maji mara moja: vinalala, vinapotea machoni, na baadaye vinasimama tena. Ukungu hauna adabu hiyo. Unatandaa kutoka mche hadi mche, unapanda juu ya shina, unapita juu ya udongo na maganda, na ukiunyunyizia bado unaonekana. Ukigusa unateleza, na una harufu. Na kama miche inaanguka huku shina limesinyaa na kuwa jembamba pale linapogusana na udongo, huo ni ugonjwa wa kuoza shina, nao hautibiki. Iliyofika hapo itupe yote, usikate ule upande "uliobaki mzima". Najua inauma, hasa kama mbegu ulinunua ghali, lakini hiki ni chakula kinacholiwa kibichi, mara nyingi na watoto.

Mwanga hautusumbui sana, jua tunalo. Tatizo ni kulizidisha. Roshani inayopigwa na jua la saa 8 mchana inababua trei kwa siku moja. Weka pale penye mwanga mwingi na jua la asubuhi tu. Wenye dirisha moja wajue pia kwamba Dar jua la mchana hupita upande wa kusini kuanzia kati ya Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, kisha linahamia kaskazini. Dirisha lililokufaa Januari linaweza kuwa giza Juni. Juni hadi Agosti ndio wakati wa kujaribu njegere, ambazo kwenye joto la Februari zinaoza kabla hazijainua kichwa. Kiangazi chote mchicha mwekundu unastawi kwa raha.

Kuhusu lishe, wauzaji wanapenda kusema maikrogrini ina virutubisho mara 40 ya mboga kubwa. Chanzo ni utafiti wa mwaka 2012 wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani, uliopima aina 25. Tofauti zilikuwa kubwa, lakini zinategemea aina na kirutubisho, na vipimo vilikuwa kwa uzito, gramu kwa gramu. Konzi ya figili juu ya ugali na dagaa ni nzuri mno. Haiondoi fungu la matembele sufuriani.

Kata asubuhi, miche ikiwa mikavu, kwa mkasi safi, sentimita moja juu ya udongo. Alizeti ikatwe kabla majani ya kweli hayajatoka, vinginevyo inakuwa chungu na ngumu. Usioshe kabla ya kuhifadhi: weka kwenye kopo lenye kitambaa kikavu chini, liingie friji, osha kiasi unachokula wakati wa kula. Siku 5 zinafika bila shida. Mkeka wa mizizi uliobaki usiupandie tena, nenda nao kwenye shimo la mboji. Trei ioshe kwa sabuni, isuuze, ianike juani mpaka ikauke kabisa, hata yale matundu ya chini, kabla hujaweka kokopiti nyingine.