Nilivyounganisha PostgreSQL na mafaili ya ramani bila kuyaingiza upya kila siku

Data za wateja wangu ziko kwenye databesi ya PostgreSQL (Postgres), mipaka ya maeneo inachorwa na timu nyingine na wanaitoa kwa shapefile (aina ya faili la ramani), kila wakirekebisha kidogo wanatoa nyingine. Zamani nilikuwa naiingiza kwa shp2pgsql (programu ya kuingiza shapefile kwenye Postgres), sasa nikisahau mara moja tu ripoti inatoka na mipaka ya zamani na hakuna anayegundua, hicho ndo kitu kilikuwa kinaninyima raha.

Nikahamia ogr_fdw, kiongezi cha Postgres kinachosoma mafaili ya nje yakiwa palepale yalipo. Inatumia GDAL, maktaba inayosoma aina nyingi za data za ramani, kwa hiyo karibu kila kitu ambacho GDAL inasoma, iwe shapefile, GeoPackage au huduma ya WFS (data za ramani kupitia mtandao), Postgres inakiona kama tebo tu. Unawasha postgis (kiongezi cha ramani cha Postgres) na ogr_fdw kwa CREATE EXTENSION, unaandika CREATE SERVER ukitaja datasource (data iko wapi) na format, halafu IMPORT FOREIGN SCHEMA ogr_all inakutengenezea tebo zote yenyewe, amri hiyo ipo tangu toleo la 9.5 la Postgres.

Mimi nilikwama hapo hapo kwenye datasource. Nimeandika njia ya faili vizuri kabisa, inaniambia haioni kitu. Kumbe anayefungua faili ni seva ya databesi, sio laptopu yangu, na anafungua kwa yuza postgres, kwa hiyo faili likae kule kwenye seva na huyo yuza awe na ruhusa ya kulisoma, pamoja na folda zote za juu yake. Jaribu programu ya ogr_fdw_info ukiwa kwenye seva, ikiona faili inakuandikia na amri zenyewe, unakopi tu.

Baada ya hapo majina ya kolamu yakaja yamekatwa, hilo ni la shapefile, faili lake la dbf, linalobeba kolamu, halibebi jina la zaidi ya herufi 10. Kubwa lilikuwa SRID (namba inayotaja mfumo wa kodineti), yangu ilikuja 0 wakati pointi za wateja ni 4326 (latitudo na longitudo), ST_Contains, inayoangalia mteja yuko ndani ya mpaka gani, ikagoma. Hapa kuwa makini sana jamani, ST_SetSRID inabandika namba tu, haisogezi kitu, wa kubadilisha kodineti ni ST_Transform. Mipaka ile ilikuwa kwa mita za UTM (mfumo mwingine wa kodineti), kwa hiyo nikabandika kwanza namba yake halisi ndo nikatransfomu kwenda 4326, ungebandika 4326 moja kwa moja kosa linapotea ila kila mteja anakuwa hayupo popote.

Ikafanya kazi ila polepole mno, maana tebo ya nje huwezi kuiwekea indeksi ya Postgres. Nikatengeneza materialized view (nakala ya matokeo inayohifadhiwa ndani ya Postgres) juu yake, ST_Transform ndani humo humo, nikaiwekea indeksi ya GiST (ya kutafuta maumbo haraka), na cron, kipanga ratiba cha seva, inapiga REFRESH kuisasisha kila usiku. Ukitaka CONCURRENTLY ili watu wasisubiri, weka pia indeksi ya unique kwenye id. Sasa wakibadilisha mpaka leo, ripoti ya kesho asubuhi inao.