Mchuzi wa kahawia

Jumatano, usiku. Upepo wa ziwani unapiga mabati, mji umetulia, na akili imegoma kuuacha mchuzi wa tetrathioneti.

Huu ni mtego wa zamani wa maabara, wa tangu 1923, wa kuinasa salmonela, bakteria anayeharisha watu, kwenye choo cha mgonjwa. Msingi wake una thiosalfeti, chumvi za nyongo na unga mweupe wa kalsiamu kaboneti. Unauchemsha, unauacha upoe hadi chini ya nyuzi 45, ndipo unatia mililita 20 za myeyusho wa iodini kwa kila lita. Iodini ikikutana na thiosalfeti, tetrathioneti inazaliwa, kemikali ambayo salmonela hustawi nayo. Gramu 1 ya choo kwa mililita 10 za mchuzi, nyuzi 37, saa 18 hadi 24, kisha unapanda kwenye sahani ya XLD, chakula cha kuoteshea bakteria, na kusubiri vidoa vyekundu vyenye kiini cheusi.

Unaharibika kirahisi. Ukitia iodini msingi ukiwa wa moto, inapotea na mvuke. Ukiutengeneza leo ukautumia keshokutwa, nguvu imekwisha. Na asiyetikisa chupa kabla ya kumimina anaacha unga wote chini: mirija ya kwanza inabaki bila kitu cha kupoza asidi, ya mwisho inajaa tope.

Miaka mingi watu waliutumia bila kujiuliza salmonela ilijifunzia wapi kuipenda kemikali hiyo. Jibu lilikuja 2010: utumbo wenyewe unaupika mchuzi huo. Bakteria wa kawaida wa utumbo mpana hutoa hewa yenye harufu ya yai viza, nayo ni sumu. Seli za utando huipunguza makali kwa kuigeuza thiosalfeti. Sasa salmonela inaingiza protini zake ndani ya seli hizo, utumbo unavimba, chembe nyeupe za damu zinamiminika na kutema kemikali kali za oksijeni. Kemikali hizo hufanya kazi ileile ya iodini ya kwenye chupa.

Kwenye ngozi ya salmonela kuna protini inayoihisi tetrathioneti. Ikiihisi, inaamsha nyingine ndani, nayo inawasha jeni za kuitumia mahali pa oksijeni. Majirani wanaotegemea kuchachusha tu wanabaki nyuma, yeye anapumua na kuzaana. Moto ameuwasha mwenyewe, na anauota mwenyewe.

Hata seli inayokufa haiendi bure. Mwaka 2021 ilionekana katika panya kwamba seli za utumbo zinapokufa kwa kujizima zenyewe, zinamwaga piruveti na virutubisho vingine, na salmonela hubadili jeni zake ili ivile. Dawa ya saratani inayoua seli za utumbo nayo inaacha karamu ya namna hiyo.

Hapa Mwanza kila tumbo linalouma huitwa taifodi, kwa hiyo tutenganishe. Salmonela ya taifodi ni ndugu, lakini tabia ni nyingine. Yenyewe hujifunika, haitaki kelele utumboni, inapenya kimya kimya hadi kwenye damu. Ukiitafuta kwa mchuzi huu, hasa ule wenye rangi ya kijani, unaweza kuikosa kabisa. Damu ichukuliwe na kuoteshwa maabara mapema, kabla ya dawa.

Na dawa ndiyo kero yangu. Mtu anaharisha mara mbili, anapita duka la dawa, anameza antibayotiki nusu dozi. Anaowaua kwanza ni bakteria wale wanaotengeneza butireti, chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Seli yenye butireti huichoma kwa oksijeni nyingi, hivyo oksijeni haivuji kuingia utumboni. Ikikosa butireti inabadili namna ya kupata nguvu. Oksijeni inavuja, naitreti, kemikali nyingine ya kupumulia, inaongezeka, na wanaojua kuvitumia, salmonela na jamaa zake, wanatamba. Kuharisha kwa kawaida kunataka ORS, pakiti ya lita kwenye lita kamili ya maji safi, na zinki kwa mtoto. Damu kwenye choo au homa kali ni habari nyingine. Hapo ni hospitali.

Butireti yenyewe haiuzwi dukani kwa maana yoyote ya kufaa. Inatoka kwenye maharage, na kwenye wanga uliopikwa ukapoa, ambao sehemu yake hugoma kumeng'enywa hadi ufike chini kwa bakteria wanaoitengeneza. Kipande cha ugali wa jana, kile kigumu cha pembeni ya sufuria, kinatosha kuwaanzishia kazi.