Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba: draiva kwanza, mandhari mwisho

Ukizunguka maduka ya laptopu zilizotumika hapa Dodoma mjini utakutana na sura zilezile: HP EliteBook, Dell Latitude, ThinkPad za Lenovo, na mara mojamoja ZBook au Precision nzito yenye kadi ya picha ya NVIDIA. Zote Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa kutumia badala ya Windows, inaziweza. Shida huanza baada ya kuisakinisha, pale mtu anapokimbilia mandhari (theme, yaani rangi na sura ya madirisha) na aikoni za kupendeza kabla hajajua kadi yake ya picha inaendeshwa na nini. Siku akigusa draiva (programu inayoendesha kadi hiyo) na skrini ikawa nyeusi, hawezi tena kujua kilichoharibika ni draiva, ni sasisho au ni mandhari. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: saa, masasisho, draiva, programu, halafu mandhari. Na kwa kuwa wengi tunategemea bando la simu, kila kifurushi ulichokilipia kihifadhi.

Ninazungumzia Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04 na itakayopata masasisho hadi 2029. Mwenye Ubuntu 24.04 atatumia karibu amri zote zilezile. Mashine yenye RAM ya GB 4 ipe toleo la Xfce, lenye dawati jepesi. Kuanzia GB 8 chukua Cinnamon, dawati lililo zito zaidi, bila wasiwasi. Diski ya GB 20 inatosha kuanzia, lakini ukipanga kutumia Flatpak (njia ya kusakinisha programu zinazokuja na msingi wake) tenga zaidi ya hapo.

Kwa nini saa? Laptopu iliyokaa stoo muda mrefu mara nyingi betri yake ndogo ya ubao mama imekufa, na ukiiwasha inarudi tarehe ya miaka ya nyuma. Hapo `sudo apt-get update`, amri ya teminali inayosoma orodha mpya ya programu, itagoma na kukuambia faili la Release “is not valid yet”. Watu huhangaika kubadilisha seva ya kupakulia programu kumbe ni tarehe. Andika `timedatectl`, hakikisha ukanda ni Africa/Dar_es_Salaam na mwaka ni sahihi, kisha endelea. Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032, ingawa kwenye laptopu nyingi huja imefungwa na waya wake, kwa hiyo fungua uione kabla ya kwenda kununua.

Baada ya hapo fungua Software Sources, bonyeza jina la seva na usubiri ipime kasi za seva zote, uchague iliyo juu. Seva ya karibu kwenye ramani si lazima iwe ya haraka kwenye mtandao wako. Kisha:

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get dist-upgrade`

Ukikuta ujumbe wa “Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend”, usifute faili hilo la kufuli kama wengi wanavyoshauriana. Maana yake Update Manager inafanya kazi nyuma ya pazia, subiri imalize. Na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ukiwasha tena endesha `sudo dpkg --configure -a`, ifuatiwe na `sudo apt-get --fix-broken install`. Mara nyingi mfumo husimama palepale ulipoangukia na kuendelea.

Kabla ya draiva, tengeneza nakala ya mfumo kwa Timeshift. Dakika chache tu. Kumbuka kwamba Timeshift kwa mipangilio yake ya kawaida hainakili folda yako ya nyumbani, kwa hiyo nyaraka zako zihifadhi kwingine.

Kadi ya picha

Usikisie kadi uliyonayo, wala usiamini stika. Andika:

`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'`

Mstari unaoanza na “Kernel driver in use” ndio unaokuambia ukweli. Ukiona `i915`, kadi ni ya Intel na huna cha kusakinisha. Draiva imo ndani ya keneli (kiini cha mfumo), na sehemu ya pili, inayoitwa Mesa, ilikuja na mfumo na husasishwa pamoja nao. Ukiona `amdgpu` au `radeon`, ni AMD, na jibu ni hilohilo. Usiende tovuti ya AMD kupakua kifurushi chao kwa ajili ya EliteBook ya kawaida. Kile kimekusudiwa mahitaji maalumu na kadi za zamani hakizisaidii. Thibitisha tu kwamba kadi inafanya kazi:

`sudo apt-get install mesa-utils`
`glxinfo -B`

Tazama “OpenGL renderer”. Likitajwa jina la kadi yako, umemaliza. Likitajwa `llvmpipe`, picha zinachorwa na prosesa peke yake, ndiyo maana madirisha yanaburuzika na feni inalia. Sababu ya kawaida ni neno `nomodeset` lililobaki kwenye mipangilio ya kuwashia: liliwekwa wakati wa kusakinisha ili skrini ionekane, kisha likasahaulika. Fungua `/etc/default/grub`, liondoe, endesha `sudo update-grub`, washa upya.

NVIDIA ndiyo inayotaka akili. Mfumo huanza na draiva huria iitwayo nouveau, inayotosha kuandika ripoti na kutazama video lakini si kuchezea Blender, programu ya picha za 3D. Draiva ya kampuni yenyewe ina matawi, na kila tawi lina vizazi vyake vya kadi. Kadi za kizazi cha Fermi, mfano NVS 4200M iliyomo kwenye baadhi ya ThinkPad T420 na Latitude E6420, au NVS 5400M ya T430, zilihudumiwa na tawi la 390 ambalo NVIDIA iliacha kulitunza mwishoni mwa 2022. Kwa hizo baki na nouveau, usipoteze bando. Kizazi cha Kepler, kama Quadro K1100M na K2100M kwenye ZBook 15 ya kwanza na Precision M4800, mwisho wao ni tawi la 470. Maxwell na Pascal, ambamo zimo 940MX ya T470 na MX150 ya T480, mwisho wao ni tawi la 580. Anayeuza laptopu kwa sifa ya “ina NVIDIA” hakuelezi haya, na kwa maoni yangu ukipewa T430 mbili za bei moja, chukua isiyo na NVIDIA. Itatumia chaji kidogo na haitakusumbua.

Kujua kinachopendekezwa kwa kadi yako:

`ubuntu-drivers devices`

Palipoandikwa “recommended” ndipo pa kuchagua, ama kupitia Driver Manager ama kwa amri, mfano `sudo apt-get install nvidia-driver-580`. Jiandae kupakua mamia ya MB, kwa hiyo bando la usiku linafaa. Usitumie faili la `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA. Linafanya kazi siku hiyo, lakini mfumo wa vifurushi haulitambui, na siku keneli itakaposasishwa utawasha mashine ukutane na giza.

Kama Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu zenye saini wakati wa kuwasha, imewashwa (angalia kwa `mokutil --sb-state`), usakinishaji unaweza kukuomba utunge neno la siri. Liandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu inayosubiri sekunde chache tu: bonyeza kitufe chochote, chagua “Enroll MOK”, “Continue”, “Yes”, ingiza neno lile, kisha “Reboot”. Ukiipuuza skrini hiyo, draiva itakuwepo kwenye diski lakini keneli itakataa kuipakia, na `nvidia-smi`, amri ya kukagua draiva hiyo, itakuambia imeshindwa kuwasiliana na draiva. Hapa watu wengi huanza kusakinisha upya mara tatu nne, wakati kinachokosekana ni saini. Endesha `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, tunga neno la siri jipya, washa upya, na safari hii usiiache skrini ya bluu ipite.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa baada ya draiva, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na neno lako la siri, kisha angalia `dkms status` (DKMS ndiyo inayoijenga draiva kwa kila keneli). Isipoandika “installed” mbele ya keneli unayotumia (`uname -r`), draiva haikujengeka. Sababu iko mwishoni mwa faili la `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/nvidia/`. Mara nyingi ni mojawapo ya mbili: vichwa vya keneli (mafaili yanayohitajika kuijenga draiva) havipo, na dawa ni `sudo apt-get install linux-headers-$(uname -r)`, au keneli ni mpya kuliko draiva ya zamani inavyoweza, jambo linalowapata hasa wa tawi la 470. Hao wawashe keneli ya awali kupitia “Advanced options” kwenye GRUB, menyu inayotokea wakati wa kuwasha, na wabaki nayo. Ukitaka kurudi nouveau kabisa:

`sudo apt-get purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'`

Laptopu yenye kadi mbili iache kwenye hali ya `sudo prime-select on-demand`. Intel itafanya kazi za kila siku, na programu nzito utaielekeza kwa NVIDIA kwa kubonyeza kitufe cha kulia kwenye aikoni yake menyuni.

Jambo moja la hapa kwetu. Upepo na vumbi la kiangazi huziba feni, na laptopu iliyoziba hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kabla ya kulaumu draiva, sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors`, na uone joto mashine ikiwa haifanyi kitu. Ikiwa iko juu ya nyuzi 70 hali hakuna kilichofunguliwa, peleka kwa fundi isafishwe na ipakwe upya gundi ya joto.

Programu, na jinsi ya kulipia bando mara moja

`apt-get` huacha vifurushi ilivyopakua kwenye `/var/cache/apt/archives`. Kwenye Ubuntu, `apt` fupi huvifuta ikimaliza, ndiyo maana hapa nimeandika `apt-get` kila mahali. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokaa chumba kimoja pale Ng'ong'ona, hii ni akiba ya kweli. Mmoja asafishe kashe (hifadhi hiyo ya vifurushi) kwa `sudo apt-get clean`, kisha apakue bila kusakinisha:

`sudo apt-get install --download-only vlc gimp mint-meta-codecs`

Anakili mafaili yote ya `.deb` kwenye flashi. Mwenzake anafungua teminali ndani ya folda hiyo na kuandika `sudo apt-get install ./*.deb`. Akiona tahadhari kwamba upakuaji umefanyika “unsandboxed as root”, aiache, haina madhara. Sharti ni kwamba mashine zote ziwe za toleo moja na zimesasishwa kwa kiwango kimoja, maana `--download-only` huchukua tu kile ambacho mashine ya kwanza haikuwa nacho.

Flatpak ni nzuri kwa programu zinazohitaji toleo jipya, lakini ya kwanza kabisa huvuta na msingi wake, mamia ya MB hata kama programu ni ndogo. Za baadaye hutumia msingi uleule. Mwenye NVIDIA azingatie hili: kila draiva inapobadilika toleo, endesha `flatpak update`, kwa sababu Flatpak hubeba nakala yake ya draiva inayopaswa kulingana na ya mfumo. Zisipolingana, programu itafunguka ikiwa nzito kupita kiasi. `flatpak uninstall --unused` huondoa misingi isiyotumika tena.

Wanaoandika barua za ofisi watahitaji fonti. LibreOffice inatumia Liberation Serif badala ya Times New Roman, na vipimo vya herufi ni vilevile, hivyo kurasa hazihami. Kwa Calibri na Cambria sakinisha `fonts-crosextra-carlito` na `fonts-crosextra-caladea`. Ukilazimika kuwa na zenyewe za Microsoft kama Arial na Times, kifurushi ni `ttf-mscorefonts-installer`. Kitaleta ukurasa wa masharti usiokubali kipanya: bonyeza Tab hadi “Ok” ipate rangi, kisha Enter. Mtandao ukikatika hapo, kifurushi huhesabika kimesakinishwa lakini fonti hazipo. Rudia kwa `--reinstall`.

Mandhari

Sasa pamba. Kwenye Cinnamon fungua System Settings, Themes, kisha sehemu ya kuongeza na kuondoa, upakue humo humo. Ukichukua kwingine, mandhari huenda `~/.themes` na aikoni `~/.icons`. Isipoonekana kwenye orodha, karibu kila mara ni folda ndani ya folda: faili `index.theme` linatakiwa liwe moja kwa moja ndani ya `~/.themes/JinaLaMandhari/`, si hatua moja chini zaidi. Zip za GitHub ndizo hasa zenye tabia hiyo.

Programu inayofunguliwa kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, kama Synaptic, haisomi folda yako; nakili mandhari kwenye `/usr/share/themes`. Flatpak nayo imefungiwa, ifungulie mlango kwa `flatpak override --user --filesystem=~/.themes --filesystem=~/.icons`. Programu zilizojengwa kwa libadwaita, maktaba ya GNOME yenye sura yake yenyewe, zitakaidi hata hivyo, ndivyo zilivyoundwa. Watengenezaji wa Mint 22 walilijua hilo wakarudisha kadhaa, kikokotoo na kalenda zikiwemo, kwenye matoleo ya GTK3, maktaba ya kabla yake, ili zifuate mandhari, uamuzi ninaoushukuru sana.

Mandhari ikivuruga dawati, Ctrl+Alt+Esc huwasha Cinnamon upya bila kufunga kazi zako. Isiposaidia, rudisha vipande vitatu tu:

`gsettings reset org.cinnamon.theme name`
`gsettings reset org.cinnamon.desktop.interface gtk-theme`
`gsettings reset org.cinnamon.desktop.interface icon-theme`

Amri ya `dconf reset -f /org/cinnamon/` iwe ya mwisho, kwa kuwa inafuta na mpangilio wa paneli, vijiprogramu vyake na njia za mkato ulizoweka.