Mnada wa Boma Lisilo na Mabati

Mwaka 2008 boma la zahanati ya kijiji chetu, kilichoko kwenye miteremko ya juu ya wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, lilikuwa limefika kwenye linta na kusimama hapo. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imeanza kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kwa jina la MMAM, uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na utaratibu tulioelezwa kwenye mkutano wa kijiji ulikuwa kwamba wananchi wanyanyue kuta kwa nguvu zao, kisha halmashauri iezeke na kumalizia. Kuta tulizinyanyua. Zamu ya kuezekewa ilitegemea bajeti iliyokuwa na maboma mengine mengi, na wazee hawakutaka matofali yale yapigwe na masika mengine. Kamati ya ujenzi ikaamua kuyatafuta mabati yenyewe, kwa mnada, na siku iliyochaguliwa ikawa tarehe 26 Desemba.

Zamani ingetosha kukata kiasi kidogo kwenye malipo ya kahawa. Fedha ya kahawa ndiyo iliyojenga shule nyingi za mlimani tangu enzi za KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa ilianguka kiasi cha watu kung'oa mibuni, na fedha ya kijiji ikahamia Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kwenye maduka na gereji za vijana wetu, ikawa inapanda mlimani mara moja tu kwa mwaka pamoja na wenyewe, ndani ya mabasi ya Desemba. Mweka hazina wa kamati, mzee aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka mingi, aliwaeleza wenzake kwamba tarehe 24 mtu ananunua mbuzi wa nyumbani kwake, tarehe 25 yuko na ukoo wake, na ikifika tarehe 30 anahesabu nauli ya kurudi. "Mifukoni mwao kijiji kina siku moja tu," alisema, na hakuna aliyempinga.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikapewa kazi ya kuandika daftari. Mzee alilipiga mistari mwenyewe kwa rula, safu moja ya taslimu na nyingine ya ahadi, akaniagiza nisiruhusu safu hizo zichanganyike hata kama mwenye fedha angekuwa mjomba wangu.

Uwanja wa shule ya msingi ulijaa mapema. Vijana wa vitongoji walicheza mpira, kwaya zikapokezana, na kando ya madarasa sufuria za mtori zilitokota karibu na mapipa ya mbege. Mbele kabisa, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, walisimamishwa ndafu wawili, mbuzi wazima waliookwa tangu alfajiri, wenye majani mabichi mdomoni. Amri ya mweka hazina ilikuwa kwamba sufuria isifunuliwe wala kisu kisiguse ndafu kabla ya mnada kwisha. Padri alimnong'oneza kwamba watoto wana njaa. Watoto wakapelekwa nyuma ya madarasa wakapewa uji, na watu wazima wakaachiwa harufu.

Mnadi alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alianza na jogoo mwekundu aliyetolewa na mama mmoja mjane. Jogoo wa aina ile ungempata gulioni kwa shilingi elfu 6 hivi; mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alimchukua kwa elfu 20, akamshika miguu, akamwinua watu wamwone, kisha akatamka neno ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye mnada wa kanisani alikuwa akilisubiri: "Namrudisha mezani." Akauzwa tena, akarudishwa tena, kila mnunuzi akijitahidi asionekane amempa bei ya chini kuliko aliyemtangulia. Hata padri alimnunua na kumrudisha. Koo mbili zenye watu wengi zaidi ziligombania mkungu wa ndizi ambao nina hakika hakuna aliyeuhitaji, kwa kuwa wote walikuwa wamezungukwa na migomba. Sidhani kwamba fedha ile ilitolewa kwa huruma peke yake. Ilitolewa pia kwa ushindani, na kamati ilijua hivyo ilipowapanga wanaukoo kukaa pamoja, ukoo ukitazamana na ukoo.

Zikaja ahadi. Mtu mmoja aliahidi bandali ya mabati, mwingine mbili, makofi yakawa marefu kuliko yale ya jogoo. Hapo ndipo aliposimama bibi tuliyemwita Mama Mkunga, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiitwa usiku mwanamke akishikwa na uchungu, na ambaye, mambo yakizidi uwezo wake, alitangulia na taa mbele ya vijana waliombeba mgonjwa hadi barabarani, itafutwe pikapu ya kumfikisha Hospitali ya Huruma pale Mkuu.

"Wanangu," alisema, "mnasoma mabati ambayo hayajafika. Mchanga uliokwishafika nani ameusoma?"

Mwenyekiti wa kijiji alijibu kwa adabu, "Mama yetu, subiri kwanza tumalize ahadi."

"Nusu ya hao waliokaa mbele nimewazalisha mimi. Siku ile hakuna aliyeniambia nisubiri."

Uwanja mzima ulicheka, na padri akampa kipaza sauti. Alieleza bila haraka kwamba tangu kiangazi wanawake wa vitongoji vyote walikuwa wakipanda kutoka korongoni na ndoo za mchanga kichwani, na mawe ya msingi pia, na kwamba kama lori lingekodishwa kuufikisha mchanga ule, lingetaka malipo. Mweka hazina hakubishana. Alimwita fundi mkuu, akamuuliza bei ya tripu moja ya mchanga hadi pale, akachukua rula na kuniongezea safu ya tatu katika daftari: nguvukazi. Tulisoma majina ya akina mama wale, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na thamani ya walichobeba, na wengine walisimama waliposikia majina yao kama wanaoitwa kupokea cheti. Wapo vijana wa mjini waliosikia jina la mama mzazi likisomwa na kiasi kinachozidi ahadi yao wenyewe. Baadhi yao walirudi mezani kwangu kimyakimya kubadilisha tarakimu, na wengine walitoa taslimu palepale. Ndipo ndafu wakakatwa.

Taslimu haikufika hata nusu ya ahadi, jambo ambalo halikumshangaza mzee. M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka huohuo, lakini kijijini kwetu hapakuwa bado na wakala, kwa hiyo mwezi Februari alipanda basi na daftari lake hadi Dar es Salaam. Alizunguka Kariakoo duka kwa duka, akikaribishwa chai, akisalimia wateja, bila kumdai mtu. Aliliweka tu daftari wazi juu ya mapaja yake mpaka mwenye duka alipofungua droo. Wakati wa kurudi alishuka Moshi kununua mabati, akakataa ya geji 30 yaliyokuwa ya bei nafuu na kuchukua ya geji 28, yaliyo mazito zaidi, na paa likapigwa misumari kabla ya masika. Sakafu, dari na milango vilimaliziwa baadaye na halmashauri, ambayo ndiyo iliyoleta pia muuguzi na dawa.

Wawili kati ya walioahidi siku ile hawajalipa hadi leo. Majina yao yamo katika safu ya pili, na daftari liko kwa binti wa yule mzee.