Muhuri mwekundu

Wiki yangu ya tatu kwenye dawati la msaada wa kisheria. Jumatatu alikuja mama anayeuza juisi na barafu Mbagala, risiti ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Friji jipya, kalinunua Kariakoo, siku ya tisa likaacha kugandisha. Chini ya risiti kuna muhuri mwekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Kwa muhuri ule alishajua hana chake. Mimi nikachangamka kupita kiasi. Nikamshushia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kisha Sheria ya Ushindani ya 2003, ile yenye sehemu nzima ya masharti yanayohesabika yamo kwenye mauziano hata muuzaji asipoyatamka. Shida ni kwamba zote nimezisoma kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye ubora nikakwama, nikasema “ubora wa kibiashara” (yaani kitu kifae kwa kazi yake). Akaniangalia kama na mimi namuuzia kitu.

Wakili anayetusimamia akaingilia. “Mama, wewe unataka nini?”

“Barafu, mwanangu. Kila siku nanunua kwa jirani, nauza bila faida.”

Sikuwa nimemuuliza.

Halafu tarehe ya kununua. Jasho lilishakula wino wa risiti. Tukakaa na simu yake karibu nusu saa tukipekua meseji mpaka tukaiona ya malipo, imebanwa kati ya kikoba na bahati nasibu: kiasi, siku, saa. Muda wote ananiita wakili. Nilimsahihisha mara mbili, ya tatu nikanyamaza (na nikaanza kupenda).

Barua yangu ya madai ilikuwa kurasa mbili. Msimamizi akaikata zikabaki aya tatu za Kiswahili: umemuuzia nini, lini, kimeharibikaje, tengeneza au badilisha ndani ya siku saba. Kilatini changu chote cha kisheria kikaenda na maji. Mama akaisoma mwenyewe kwa sauti, akaitikia kwa kichwa pale penye tarehe, akaipeleka dukani kwa mkono wake.

Leo mchana wamempigia: watabadilisha kompresa bila malipo. Amekubali palepale kwenye simu. Mimi nilitaka apewe friji jingine, na kusema kweli nilitaka kesi. Hati ya madai, ile ya kufungulia kesi mahakamani, nilishaanza kuiandika usiku, iko kwenye laptop, kurasa sita, imeishia aya ya kumi na moja.