Nilivyofika ndani ya pango la barafu la Vatnajökull

Kila anayeona picha zangu za pango la barafu huuliza kuhusu ile rangi ya buluu. Hakuna anayeuliza kuhusu upepo, na upepo ndio uliokuwa na kauli ya mwisho kama nitaingia au nitarudi hotelini.

Mapango haya yako kusini-mashariki mwa Aisilandi, kwenye kingo za Vatnajökull, barafu kubwa inayofunika karibu asilimia 8 ya nchi nzima. Kutoka juu barafu hiyo hushuka mabondeni kwa ndimi ndefu, na ulimi niliokwenda mimi unaitwa Breiðamerkurjökull, ule unaomwaga vipande vyake kwenye ziwa la Jökulsárlón. Ukitoka Reykjavík, mji mkuu, kwa barabara kuu namba 1 ni zaidi ya kilomita 370. Ramani ya simu itakwambia saa tano hivi. Hizo ni saa za kiangazi. Wakati wa baridi jua huchelewa kuchomoza na kuwahi kuzama, barabara ina utelezi, na madaraja mengine ni ya gari moja kwa zamu.

Kwa hiyo sikutaka habari ya kudamka Reykjavík, kukimbiza gari, kuingia pangoni na kurudi. Nilitafuta chumba karibu na barafu kwa usiku wa kabla na wa baada ya ziara, kisha nikaacha siku moja mbele bila mpango wowote. Marafiki waliona napoteza pesa, maana malazi kule si ya bei ya kucheza.

Aliyenikabidhi gari la kukodi alinionyesha kitu kimoja tu kwa msisitizo: mlango. Egesha gari likitazama upepo, shika mlango kwa mkono unapoufungua, usiuachie. Upepo wa kule hung'oa milango, na bima ya kawaida mara nyingi hailipi hasara hiyo. Nilidhani anazidisha chumvi mpaka nilipovuka Skeiðarársandur, tambarare ya mchanga mweusi isiyo na mti wala kilima cha kukinga chochote. Pale usukani unaushika kwa mikono miwili na huongei na mtu. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya chai nilifungua tovuti ya hali ya hewa ya vedur.is na ramani ya hali ya barabara. Barabara ikiandikwa imefungwa, imefungwa. Huendi kujaribu bahati.

Siku ya ziara ukaja ujumbe: imefutwa, upepo. Pale hotelini walikuwepo wageni waliokuwa na ndege kesho yake. Walilalamika, wakapiga simu, mwisho wakafungasha. Mimi nilihamishiwa kesho, kwenye ile siku yangu tupu.

Kesho yake tulikutana kwenye maegesho ya Jökulsárlón. Kiongozi wetu hakuanza na hadithi za barafu, alianza na miguu yetu. Alikagua buti moja moja, na kijana aliyekuja na raba akaambiwa akodi buti au abaki. Sababu ni ile minyororo na meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu: yanahitaji soli ngumu na buti inayoshika kifundo, vinginevyo yanachomoka katikati ya mteremko. Tukapewa na helmeti. Kuhusu mavazi, mimi nilivaa sufu nyembamba mwilini, sweta zito juu yake, halafu koti na suruali vya kuzuia maji na upepo. Jinzi niliiacha chumbani. Pamba ikishalowa, jasho au theluji, hukaa na ubaridi wake hadi unarudi.

Gari lilikuwa la matairi makubwa yaliyopunguzwa upepo ili yashike vizuri, nalo lilitutikisa juu ya vifusi vya mawe vilivyoachwa na barafu iliporudi nyuma. Kiongozi alituambia tuangalie ziwa kwa makini: mwanzoni mwa karne ya 20 halikuwepo, pote pale palikuwa barafu. Leo lina kina cha zaidi ya mita 200.

Kutembea na meno ya chuma ni rahisi ukikubali kutembea vibaya. Panua miguu usije ukanasa suruali, kanyaga na unyayo mzima, usiende kwa vidole. Waliotaka kutembea kwa madaha ndio walioanguka.

Kabla ya kuingia alitusimamisha, akaongea jambo ambalo nilitarajia angelikwepa. Mwezi Agosti 2024 barafu iliporomoka kwenye ulimi huu huu ikiwa na watalii, Mmarekani mmoja akafariki, na ziara za mapangoni ndani ya hifadhi ya taifa zikasimamishwa kwa muda. Akaeleza kwa nini majira yana uzito. Pango huchimbwa na maji ya kuyeyuka yanayopita ndani na chini ya barafu wakati wa joto. Baridi ikiingia maji hupungua, njia yake ikabaki tupu, na barafu ikawa imara zaidi. Ndiyo maana msimu ni takriban Novemba hadi Machi, na pango la mwaka huu mwakani huenda lisiwepo.

Akaingia peke yake kwanza. Alikaa muda, akatoka, akasema chumba cha mbele tutaingia, cha ndani kabisa hapana.

"Lakini kwenye picha zenu watu wamesimama humo," mmoja wetu akasema.

"Hiyo ni wiki iliyopita. Leo paa linadondosha maji."

Basi. Hakubembeleza wala hakuomba radhi, na mimi pale ndipo niliposadiki kwamba krona zangu (pesa ya Aisilandi), ambazo zilizidi 20,000, zimekwenda mahali pake. Barafu ningeweza kuitazama bure kutoka barabarani. Nilicholipia ni jicho la yule mtu.

Ndani hakuna upepo, kwa hiyo mwili unahisi nafuu mara moja. Kuta zimejaa mabonyeo laini yaliyochongwa na maji, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Buluu ipo, ila ni tulivu kuliko ya kwenye simu. Mawingu yakipita juu inafifia, jua likitoka inakolea. Inatokana na uzito: theluji ya miaka mingi imekandamizwa hadi viputo vingi vya hewa vikatoka, na barafu nzito namna hiyo humeza nuru nyekundu na kuachia buluu ipite. Mimi nilivutiwa zaidi na mistari myeusi. Ni majivu ya volkano yaliyoangukia theluji enzi hizo, yakafunikwa, yakasafiri na barafu hadi usawa wa macho yangu. Wenzangu walikuwa wakizungusha kamera kuyakwepa.

Simu yangu ilizimika ikiwa na chaji nusu, nikaiweka mfuko wa ndani karibu na mwili, baadaye ikawaka. Betri ya akiba nayo ikae huko huko.

Kwa anayepanga, soma masharti ya kufuta kabla ya kulipa. Kampuni ikifuta yenyewe kwa sababu ya hali ya hewa, kwa kawaida hurudisha pesa au kukupa siku nyingine. Ukishindwa kufika wewe kwa kuwa barabara imefungwa, hapo kila kampuni ina lake, na nyingine hazirudishi hata senti.