Nilivyoruhusiwa kuendesha peke yangu kwenye uwanja wa mbio za magari baada ya kukataliwa mara tatu

Mara ya tatu nilipokataliwa, nilikasirika hadi nikasahau kuvua helmeti. Kona nilizikata vizuri, gia nilibadilisha bila gari kushtuka, na nilikuwa nimejihesabu dereva. Mwalimu wangu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alishuka, akanyoosha mgongo, halafu akaniinamia dirishani.

"Mwanangu, kituo cha nne palikuwa na bendera gani?"

Sikujua. Vituo ni pale kandokando ya njia wanaposimama washika bendera wa kuwaonya madereva. Kusema kweli, sikukumbuka hata kituo cha nne kiko upande gani wa njia.

Kwa asiyezijua siku hizi za mafunzo: klabu hukodi uwanja wa mbio, watu wanakuja na magari yao wenyewe, mengi yakiwa yale yale ya kwendea kazini. Wanagawanywa makundi kulingana na uzoefu, na kila kundi linaingia kwa zamu ya dakika 20 hadi 30. Mgeni huendesha mwalimu akiwa kiti cha pembeni, mpaka mwalimu aridhike na kumruhusu aendeshe peke yake. Hakuna kombe, muda haupimwi, na kumpita mwenzako kunaruhusiwa mahali paliponyooka tu, tena baada ya yeye kutoa mkono dirishani akuonyeshe upande wa kupita. Asipotoa mkono, unabaki nyuma yake hata mzunguko mzima, unasaga meno.

Bendera nilizijua kwa kichwa. Njano, kuna hatari mbele na hakuna kupita mtu. Ikipeperushwa, hatari iko karibu mno au imeziba njia. Njano yenye mistari myekundu, lami inateleza. Nyeusi, rudi piti, yaani kule magari yanakoegeshwa na kutengenezwa. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, gari lako lina kasoro. Darasani nilijibu yote bila kukosa. Lakini kuijua bendera na kuiona ni mambo mawili. Kwenye kilomita 160 kwa saa gari linakula mita 44 kila sekunde, na mgeni akiwa na mwendo ule macho yake hushuka yenyewe, yakaganda kwenye kipande cha lami kilicho mbele ya boneti. Ni kama kutazama kwa tundu la bomba.

Kukataliwa mara ya kwanza hakuna cha kusimulia, kila mgeni hukataliwa. Mara ya pili nilijitakia. Fomu ya ukaguzi iliuliza kama mafuta ya breki yamebadilishwa karibuni, nami nikaweka alama ya ndiyo nikijua ni uongo. Barabarani breki zilikuwa nzuri, sasa shida iko wapi? Kwenye zamu ya tatu, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nilikanyaga breki na mguu ukashuka hadi sakafuni bila kukutana na kitu. Nikapampu mara mbili, tatu, breki zikarudi kidogo, lakini kona ilikuwa imeshanipita. Mwalimu alisema neno moja tu, "Nyoosha," nami nikanyoosha usukani tukaingia kwenye changarawe moja kwa moja. Ningelazimisha kukata kona pale, labda tungebiringika.

Fundi alinieleza kilichotokea huku akinionyesha mafuta yenyewe, yamekuwa ya kahawia kama chai. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu unabana mvuke badala ya kusukuma pedi. Tena joto lenyewe haliongezeki kwa hesabu ya kawaida. Kusimama kutoka kilomita 140 kwa saa kunazalisha joto karibu mara mbili ya kusimama kutoka 100. Tangu siku ile nabadilisha mafuta kabla ya kila siku ya uwanja, mzunguko wa mwisho naenda polepole breki zipoe, na nikifika piti sivuti breki ya mkono diski zikiwa bado za moto. Naacha gari kwenye gia, naweka kigingi chini ya tairi. Na siongopi tena kwenye fomu.

Turudi kwenye bendera. Nilipokwama kwenye swali lake, mama yule hakunihubiria. Aliniambia tu, "Kesho usiendeshe. Kasimame na washika bendera, nimeshawaambia."

Niliona kama adhabu. Nilipelekwa kituo kile kile cha nne: kizuizi cha zege, rundo la matairi mbele yake, redio, mtungi wa kuzimia moto, ufagio, na gunia la unga wa kunyonyea mafuta. Kazi ni ya watu wawili. Mmoja anatazama magari yanayokuja, mwingine anatazama kipande cha njia kinachofuata na kuyapa magari mgongo. Huyu wa pili hana macho kisogoni, kwa hiyo uhai wake uko mikononi mwa mwenzake. Nilikatazwa kuchukua simu, kukaa chini, na kugeuka bila kusema.

Kabla ya saa sita gari dogo jekundu liliachia mkia kwenye kutoka kona. Dereva alifanya sawa: alipoona limemshinda, alikanyaga klachi na breki kwa pamoja akazishikilia hadi likasimama. Wengi huachia breki gari likiwa bado linajizungusha, likapata nguvu ya kushika lami na kukatiza njia mbele ya wenzao. Hata hivyo alisimama kimshazari, pua imeelekea magari yanakotoka. Mwenzangu alikuwa ameshaanza kupeperusha njano.

Nilihesabu magari matano yaliyofuata. Wawili walinyanyua mkono kuonyesha wameiona. Mmoja alipunguza mwendo tu. Wawili walipita kama hakuna kitu, na mmoja wao nilimwona uso kabisa, kwa kuwa kioo cha helmeti yake kilikuwa wazi. Alikuwa ameng'ang'ania usukani, macho kwenye lami, mita chache mbele ya gari. Bendera ilikuwa inapepea usawa wa bega lake. Ndipo nilipojiona.

Siku iliyofuata mwalimu alinipa zoezi la kitoto: mizunguko mitatu bila kugusa breki, mwendo wa nusu, na kila kituo nikitaje kwa sauti kabla hatujakifikia. "Cha kwanza, tupu. Cha pili, tupu. Cha tatu, njano imesimama." Nilijisikia mjinga. Lakini kufikia mchana niligundua kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Ukitafuta kituo kinachofuata lazima unyanyue uso, na uso ukinyanyuka kona nazo zinaanza kuja polepole. Usukani ukatulia mikononi. Kusoma bendera kumenifundisha kuendesha kuliko mambo yote ya kukata kona niliyokuwa nikiyakariri.

Mara ya nne, jioni, tukipanda kilima kidogo kabla ya kituo cha nne, niliona njano yenye mistari myekundu. Nikanyanyua mkono, nikapunguza taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu. Mkia wa gari ulitikisika kidogo tulipopita juu ya mafuta yaliyomwagika, ukatulia. Mama yule hakusema neno. Tulipofika piti alitoa kalamu, akasaini kitabu changu, akaenda kunywa maji.

Mwaka mmoja baadaye nilianza mashindano ya klabu, na huko vifaa ni suala jingine. Nilitaka kutumia helmeti ya pikipiki niliyokuwa nayo, nikakataliwa. Shirika la Snell, linalopima usalama wa helmeti, hutoa alama ya M kwa pikipiki na SA kwa magari, na ya SA hupimwa pia kwa moto. Mikanda ni ya pointi sita, yaani inashikizwa sehemu sita, na pamoja nayo kifaa cha HANS, ile kola ngumu ya kukaa mabegani inayofungwa kwenye helmeti. Bei yake ilinichoma, nikauliza kama ni lazima. Nikaelezwa kwamba gari likigonga ukuta, mikanda inakishika kifua lakini kichwa hakishikwi na chochote; kinarushwa mbele, na fuvu linaweza kuvunjika pale linapokutana na shingo. Robert Hubbard alikibuni kifaa hicho miaka ya 1980 pamoja na shemeji yake Jim Downing, ambaye alikuwa dereva wa mbio, lakini wengi walikibeza mpaka Dale Earnhardt, dereva maarufu wa Marekani, alipofariki kwa ajali kwenye uwanja wa Daytona mwaka 2001. NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, likalazimisha kifaa cha kukinga kichwa na shingo, HANS au cha aina nyingine, mwaka huo huo wa ajali.

Jambo moja naliona sana kwa wanaoanza: wananunua mikanda ya mbio na kuifunga kwenye gari la kawaida lisilo na fremu ya chuma ndani. Gari likipinduka na paa likabonyea, mkanda wa kawaida unaweza kukuacha uinamie pembeni. Ule wa mbio unakushikilia wima, paa likakukuta pale pale. Ama uweke vyote, ama ubaki na mkanda wa kiwandani.

Shindano langu la kwanza nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Kwenye mzunguko wa kupoza gari, nilipokaribia kituo cha nne, yule mwenzangu wa siku ile alikuwa amesimama kwenye kizuizi, ananipungia bendera mbili kwa pamoja. Nilimwona kutoka mbali.